Wakwapuaji wa pikipiki: Kujihami kunaanzia wapi, kunaishia wapi?

 

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa hii tumeona tulizungumzie jambo ambalo limeshaingia katika nyumba zetu nyingi, hususan za mijini, nalo ni unyang'anyi wa ghafla unaofanywa na watu waliopanda pikipiki. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana namna unavyotendeka. Pikipiki ni moja na vijana ni wawili, mmoja ameshika usukani na wa nyuma ana mikono mitupu. Wanakuja taratibu kama bodaboda inayotafuta abiria, wanaisogeza kando ya mpita njia, mkono unanyooshwa, na mkoba au simu inaondoka. Vijana wa mjini wamewapa jina, wanawaita vishandu. Abiria aliyeketi ndani ya bajaji hakusalimika nao, wala aliyekaa dirishani mwa daladala akizungumza na simu, wala mama anayerejea nyumbani kutoka swala ya Tarawehe usiku wa Ramadhani.

Katika mabaraza yetu, jambo hili linapotajwa, husikika kauli mbili. Wapo wanaosema kuwa hiyo ni kadari ya Allah, lililoandikwa limeandikwa, hivyo hapana la kufanya ila kusubiri. Na wapo, aghalabu vijana, wanaosema kuwa mwenye kuuawa akitetea mali yake ni shahidi, basi na tupigane nao mpaka mwisho. Ipo pia kauli ya tatu ambayo watu hawaisemi sana misikitini, lakini huitenda barabarani: akikamatwa, apigwe mpaka afe, na likipatikana tairi achomwe. Kila moja kati ya kauli hizi ina kipande cha dini ndani yake, au watu wanadhani kinayo, na kwa sababu hiyo ndipo tunapoona kuna haja ya kurejea katika yale waliyoyaandika wanavyuoni wetu.

Tuanze na kadari. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas (R.A) habari ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W) kuhusu ngamia wake, iwapo amfunge kisha amtegemee Allah, au amwache huru na kutegemea. Mtume alimwelekeza amfunge, kisha ategemee. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 71, Allah anawaamrisha waumini kushika hadhari, na amri hiyo imetangulia kabla ya kuwaambia watoke kumkabili adui. Anayesoma dua ya kutoka nyumbani, akamtaja Allah na kumtegemea, kisha akatembea ukingoni mwa barabara huku simu yake ikiwaka mkononi, huyo amesoma dua ila ngamia wake hakumfunga.

Na kamba ya ngamia huyu si ngumu kuipata. Pikipiki inayokuja kukwapua hutokea nyuma, kwa sababu mshambuliaji hataki kuonekana mapema. Basi mwenye kutembea kwa miguu na atembee upande wa barabara ambao vyombo vya moto vinamjia usoni, na mkoba aushike upande wa ukutani, si upande wa barabara. Dada zetu wana fursa ambayo wengine hawana: pochi ndogo yenye fedha na simu inaweza kukaa ndani ya baibui, na mkoba wa nje ukabeba vitu ambavyo hata vikienda mtu hatalia. Simu ikilia barabarani, ingia dukani au simama umeegemea ukuta kisha uipokee, au iache mpaka ufike. Aliyekupigia atapiga tena. Ndani ya bajaji, kaa katikati na mzigo uwe mapajani. Mtoto asitumwe dukani akiwa ameshika simu ya mama yake. Na wanawake wanaohudhuria swala za usiku na Alfajiri na watoke kwa makundi, wakisindikizwa na waume zao au vijana wao, kwani si uungwana mwanamume wa nyumba kurudi mapema kutoka msikitini na kumwacha mkewe akapita peke yake kwenye kichochoro cha giza.

Linalohitaji maelezo zaidi ni mkanda wa mkoba. Watu wengi huuvusha mkanda kifuani wakidhani wamejilinda zaidi. Dhidi ya kibaka wa miguu ni kweli, lakini dhidi ya pikipiki mkanda huo hugeuka kuwa kamba ya kumburutia mwenyewe. Pikipiki inayokwenda mwendo wa kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja. Kabla ya akili kufahamu kilichotokea, mtu ameshaanguka, na kichwa chake kiko baina ya lami na magurudumu ya gari linalofuata nyuma. Anayeng'ang'ania mkoba katika hali hiyo hashindani na kijana aliyekaa nyuma ya pikipiki, bali anashindana na injini. Mkanda na ukae begani kwa namna ambayo utaachia ukivutwa, na mkono uwe tayari kuachia.

Hapa ndipo vijana wetu wanapotuletea hadithi ya shahidi, na ni haki yao kupewa jibu la kielimu. Hadithi yenyewe ni sahihi bila shaka. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A), na katika mapokezi ya Said bin Zaid (R.A) yaliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W) ametaja pamoja na mali mwenye kuuawa akitetea dini yake, nafsi yake na watu wa nyumba yake. Muslim amepokea tena kutoka kwa Abu Hurayra (R.A) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume kuhusu anayekuja kutaka kumnyang'anya mali, naye akaambiwa asimpe, na akipigwa vita apigane. Kwa hiyo anayedai kuwa Uislamu unamtaka mtu awe mnyonge mbele ya jambazi, huyo hakuusoma Uislamu.

Lakini hadithi imetoa heshima kwa aliyeuawa, na kutoa ruhusa kwa mwenye kujitetea. Je, imeweka wajibu wa kupigania kila kitu? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), amelijibu hilo katika Minhaj At-Talibin, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi wa pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi. Kwa mujibu wake, kumzuia mvamizi asichukue mali isiyo na roho ni jambo linalojuzu, wala si wajibu. Ambalo ni wajibu ni kutetea heshima ya mwanamke, na hapo hakuna nafasi ya kusalimu amri kwa mwenye uwezo wa kuzuia. Tena katika sherehe yake ya Sahih Muslim, Nawawi ametaja kuwa baadhi ya wanavyuoni wa Kimaliki walikataza kumuua mvamizi kwa ajili ya kitu kidogo kama nguo au chakula, ingawa yeye mwenyewe hakuikubali rai hiyo. Tumeitaja si kwa ajili ya kuipendelea, bali ili kijana anayedhani jambo hili ni jepesi ajue kuwa watu waliomzidi elimu walisimama na kulitafakari.

Basi mwenye kuuachia mkoba wake hakutenda dhambi wala hakupungua uanaume. Ametumia ruhusa aliyopewa, na ameilinda nafsi ambayo Allah katika Surat Al-Baqara, aya ya 195, amekataza isitupwe katika maangamizi. Na akiuawa bila ya kutaka, mali yake ikinyang'anywa kwa dhulma, tunamtarajia cheo kile kilichotajwa, ingawa huyo ni shahidi wa Akhera: ataoshwa, atavishwa sanda na ataswaliwa kama maiti wengine. Ila kujitafutia cheo hicho kwa kupigania simu ya shilingi laki mbili huku nyumbani kuna watoto wanne wanaosubiri chakula cha jioni, hilo hatujaona mwanachuoni aliyelipendekeza.

Hukumu hii hubadilika mara mshambuliaji anapotaka kisichokuwa mkoba. Wapo wanaokuja na panga au silaha ya moto, na wapo wanaomvuta mwanamke kumpeleka gizani. Mwezi Septemba 2022, wakazi wa Dar es Salaam waliishi kwa hofu ya makundi ya vijana wenye mapanga yaliyoitwa Panya Road, ambayo yalivamia hata majumbani, na mwanafunzi wa chuo aliuawa huko Kawe. Anayejihami dhidi ya watu wa namna hiyo anatetea roho na heshima, naye ana haki ya kutumia kila kinachohitajika ili shari ile imwondokee. Hata hivyo, mwenye silaha akitaka simu peke yake, mpe. Roho yako na simu yako havikuwekwa katika mizani moja.

Wanavyuoni wetu hawakuishia kuruhusu, waliweka pia daraja. Nawawi anaeleza kuwa mvamizi huzuiwa kwa njia iliyo nyepesi kwanza. Akizuilika kwa maneno na kwa kuita msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia mjeledi; akizuilika kwa mjeledi, ni haramu kutumia fimbo; na yakitosha majeraha, ni haramu kuua. Na ikiwa mtu anaweza kukimbia, basi kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kwamba kukimbia ndiyo wajibu, na kupigana ni haramu. Maneno haya yaliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, wakati hakukuwa na pikipiki wala simu, na bado hatujui mwongozo ulio bora zaidi kwa mwanamke anayesikia mngurumo ukimkaribia nyuma yake: geuka utazame, ingia dukani, piga kelele, achia. Kutembea na kisu mfukoni hakumo katika mpangilio huu, nasi tunawakanya vijana wetu wasifanye hivyo. Kisu kilichotoka mfukoni kimeruka daraja zote na kufika ya mwisho.

Tusimame kidogo kwenye hilo la kuita msaada, kwa sababu hapo ndipo mji wetu unapotofautiana na mji aliouandikia Nawawi. Kwake yeye, kuita msaada ni daraja ya chini kabisa, isiyomdhuru yeyote. Kwetu sisi, neno "Mwizi!" likipigiwa ukelele barabarani, si kuita msaada tena. Watu hutoka maduka yote, wengine hawakuona lolote, mikononi wana mawe na vyuma, na anayeangushwa huweza kuwa ndiye au asiwe ndiye. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita na abiria wake, akaongeza mwendo kwa kuogopa zogo, ameshakuwa mshukiwa. Kwa ajili hiyo tunawausia dada na mama zetu, na hasa wawafundishe watoto, kwamba kilio cha mwenye kunyang'anywa kiwe "Nisaidieni!" Ukelele huo unawaita watu wamjie aliyeanguka, hauwapeleki kumfukuza anayekimbia. Aliyeanguka ndiye mwenye damu, naye ndiye anayehitaji kubebwa.

Jambo jingine lenye mipaka ni kumfukuza mnyang'anyi. Mali yako ikiwa bado iko mkononi mwake, una haki ya kuifuata, kwa sharti lilelile la njia nyepesi. Akiitupa na kukimbia, au akianguka na kushindwa, uvamizi umekwisha, na damu yake imerejea katika heshima yake. Tumesikia watu wakisimulia kwa fahari namna dereva fulani alivyowagonga wakwapuaji kwa gari kutoka nyuma baada ya kuwa wameshaangusha mkoba. Mwenye gari huyo hakujihami. Amemkanyaga mtu anayekimbia, na huenda akamkanyaga pamoja naye mtoto wa shule aliyekuwa akivuka barabara.

Tufike sasa kwa aliyekamatwa. Huyu tusimtetee katika uovu wake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A) hadithi ambayo Mtume (S.A.W) ndani yake amemkanushia imani, wakati wa kitendo chake, mwenye kupora kitu cha thamani huku watu wamemwinulia macho wakimtazama. Yeyote aliyeona mkoba ukikwapuliwa mchana kweupe, kituo kizima kikishangaa, ataona kuwa hadithi hii imeisifu hali hiyo kama ilivyo. Lakini hebu tuangalie adhabu yake. Katika hadithi ya Jabir (R.A) iliyomo kwa Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, Mtume (S.A.W) ameeleza kuwa mwenye kukwapua hakatwi mkono. Hukumu ya kukatwa ni ya mwizi anayevunja hifadhi kwa siri, kwa masharti yake mengi. Mkwapuaji hupewa adhabu anayoiona kadhi kuwa inafaa. Na ikiwa unyang'anyi umefikia kuwa wa silaha na wa kutia watu khofu njiani, yale makali yaliyotajwa katika Surat Al-Maida, aya ya 33, yako mikononi mwa mtawala na hakimu, na aya inayofuata imewafungulia mlango wa toba wale wanaorejea kabla ya kukamatwa.

Ikiwa sheria ya Allah, ambayo wengine huituhumu kwa ukali, haikati hata kidole cha mkwapuaji, ni nani aliyetupa sisi idhini ya kumvisha tairi? Na moto wenyewe una hukumu yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) alituma kikosi na kukiagiza kiwachome watu wawili kikiwapata, kisha kabla hakijaondoka akaitengua amri hiyo, akaeleza kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Allah peke yake. Hao walikuwa maadui waliostahiki kuuawa, na bado moto ulizuiwa. Sembuse kijana aliyeiba simu.

Yupo Sahaba aitwaye Safwan bin Umayya (R.A) ambaye habari yake wameipokea Abu Daud na Nasai. Alilala msikitini, kichwa chake kikiwa juu ya shuka yake, akaja mtu akaichomoa. Safwan alimkamata kwa mkono wake mwenyewe. Hakumpiga wala hakuwaita watu wampige. Alimpeleka kwa Mtume (S.A.W), na ilipotolewa hukumu akamwonea huruma akataka kumsamehe, na Mtume akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake. Tunajifunza hapo kuwa aliyeibiwa ana milango miwili, kusamehe yakiwa bado kwake, au kumfikisha mwenye mamlaka. Mlango wa tatu hatukuuona.

Hivi karibuni mzazi mmoja alitusubiri baada ya darsa. "Sheikh," akasema, "mwanangu wa miaka kumi na saba amerudi nyumbani akijisifu. Anasema walimkamata kibaka wa pikipiki, naye alimpiga jiwe la kichwa. Sasa usiku halali." Tukamuuliza kama yule mtu alikufa. Akasema polisi walimchukua akiwa hazungumzi, na kijana hajui zaidi ya hapo. "Lakini alikuwa mwizi, Sheikh," akaongeza, na tukafahamu kuwa alikuwa akitafuta neno la kumpelekea mwanawe apate usingizi.

Neno hilo hatukuwa nalo. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A) watu kadhaa walishirikiana kumuua mtu mmoja huko Yemen, na Umar akahukumu wote wauawe, akibainisha kwamba lau watu wa Sanaa wote wangeshiriki, angewahukumu wote. Wingi wa mikono haukuigawa dhambi ikawa ndogo kwa kila mmoja. Tulimwambia mama huyu kwamba jambo la kwanza ni kujua kama yule mtu yu hai. Kama yu hai, kijana ana haki ya mtu juu yake, ya majeraha na matibabu, na inambidi atake radhi, kwani dhulma ya yule mtu haikuhalalisha dhulma ya huyu. Kama amekufa, basi kuna nafsi iliyouliwa, na nafsi hiyo ina warithi, na nchi ina sheria, na Allah ana hisabu. Baba wa kijana amshike mkono waende wote kwa mwanasheria na kwa wanaohusika, asifichwe kwa shangazi mkoani. Mama alilia. Nasi hatukuona namna ya kumpunguzia bila ya kumdanganya.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na hayo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vifungu vinavyokifuatia, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kutetea mali, kwa nguvu ya kiasi inayohitajika na si zaidi. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na anayeua kwa kukusudia hukumu yake ni kunyongwa, awe ameua peke yake au pamoja na mtaa mzima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za miaka ya 2010, kilikuwa kikihesabu mamia ya watu waliouawa kwa mwaka na wananchi waliojichukulia sheria mkononi.

Tunajua watakaotujibu kuwa akipelekwa kituoni, kesho yuko mtaani anawacheka waliomkamata. Malalamiko haya yana ukweli ndani yake na wenye dhamana wanapaswa kuyasikia. Lakini kesi nyingi hufa kwa sababu aliyeibiwa alichukua RB ya simu yake na hakurudi tena, na walioshuhudia walisema hawataki usumbufu wa mahakama. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 282, mashahidi wamekatazwa kukataa wanapoitwa. Mtu aliye tayari kurusha jiwe, lakini hayuko tayari kusimama kizimbani nusu saa akaeleza alichokiona, hakuwa akitafuta haki.

Na hawa wakwapuaji ni watoto wa nani? Pikipiki zimewapa riziki ya halali maelfu ya vijana wetu. Wanatupeleka hospitali usiku na kuturejeshea watoto kutoka madrasa, na si haki kumtazama kila mwenye kofia ngumu kama mwizi. Lakini wachache walioharibika wanatoka katika mitaa yetu. Wana mama wanaowaandalia futari, na baadhi yao walihitimu juzuu wakiwa wadogo. Mzazi anayemwona kijana asiye na kazi akileta nyumbani simu tofauti kila juma, akanyamaza kwa kuwa na yeye amepewa moja, ameshakuwa sehemu ya msafara. Hadithi mashuhuri kwa Bukhari inatutaka tumnusuru ndugu yetu akiwa mdhulumu au mwenye kudhulumiwa, na nusura ya mdhulumu ikafasiriwa kuwa ni kumzuia mkono wake. Kumzuia mkono kijana wako leo sebuleni ni kumnusuru na tairi la kesho barabarani.

Kisha kuna soko. Hakuna anayekwapua simu ili aitazame. Anakwapua kwa sababu kabla ya Magharibi kuna mtu atakayeinunua. Mnunuzi huyo mara nyingi ni sisi, tuliokwenda Kariakoo au kwa fundi wa mtaani, tukaonyeshwa simu ya laki nane kwa laki moja na nusu, bila ya risiti wala boksi wala chaja, na hatukuuliza. Surat Al-Maida, aya ya 2, inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na bei yenyewe ilikuwa ushahidi wa kutosha. Siku hizi kuuliza kumekuwa rahisi. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Mwenye simu na aiandike namba hiyo kwenye karatasi akiwa nyumbani, ili siku ikikwapuliwa atoe taarifa polisi, kwenye namba ya dharura 112 au kituoni, kisha kwa mtandao wake ifungwe simu na ifungwe laini, kabla ya fedha zilizomo kwenye simu kuondoka. Na anayenunua simu iliyotumika na aidai namba hiyo na risiti iliyoibeba.

Tumeulizwa pia kuhusu aliyekwisha kununua, kisha akagundua kuwa ilikuwa ya wizi. Fedha alizotoa hazikuihalalisha, kwa kuwa aliyemuuzia hakuwa na milki ya kuuza. Simu ni ya mwenyewe. Akijulikana, kwa picha au majina yaliyomo ndani, arudishiwe bila ya kudaiwa hata shilingi, na mnunuzi amdai aliyemuuzia. Asipojulikana, ipelekwe polisi pamoja na maelezo ya duka iliponunuliwa, hata kama mwenye duka ni jirani na mnaswali safu moja.